Aliyestahimili Joto la Jiko



Miongoni mwa mambo ambayo dini tukufu ya Islam imeyatengeneza kwa uangalifu mkubwa ni namna mtu anavyokaa mbele ya chakula chake. Tangu utotoni tumefundishwa kuanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yetu, na kumshukuru Mola baada ya kushiba. Adabu hizo twazijua na twawafundisha watoto wetu. Lakini iko adabu moja ya chakula ambayo wengi wetu tumeiacha nyuma, nayo haihusu mkono unaokula bali mkono uliopika na mkono ulioleta. Ni juu ya adabu hiyo napenda kuzungumza nawe leo.

Imepokewa kwa Abu Huraira r.a., na kuandikwa na Maimamu Bukhari na Muslim, kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliagiza kuwa mtumishi wa mmoja wetu anapomletea chakula, bwana wake amketishe ale pamoja naye. Na kama hakumketisha, basi angalau ampe tonge moja au mawili ya chakula kile kile. Wala Mtume s.a.w. hakuishia kwenye amri tu, bali alitaja na sababu yake: kwamba ni mtumishi huyo ndiye aliyestahimili joto la chakula hicho na taabu ya kukitengeneza.

Tafadhali itazame vizuri sababu hiyo. Mtume s.a.w. hakusema apewe kwa kuwa ni maskini. Hakusema apewe kwa kuwa anatia huruma. Alisema apewe kwa kuwa amelistahimili joto. Maana yake ni kwamba tonge lile si sadaka, bali ni haki iliyochumwa kwa jasho mbele ya moto. Huruma hutolewa na mwenye kutaka, na asiyetaka huacha. Lakini haki hudaiwa, na isipolipwa hapa duniani hubaki ikidai mpaka Siku ya Hesabu. Basi kila sahani iliyowekwa mbele yetu na mtu mwingine imekuja pamoja na deni, na deni hilo halikwishi kwa bei tunayolipa kaunta peke yake.

Niliyoyaona njiani

Ndugu msomaji, sitaki nikuhubirie kana kwamba mimi mwenyewe nimesalimika. Nitakueleza kisa changu, ingawa kinanitia haya.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa safarini kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma kwa shughuli za dini. Ijumaa iliyotangulia safari hiyo nilikuwa nimetoa hotuba msikitini, na hadithi niliyoieleza ndiyo hii hii ya mtumishi na tonge. Watu waliniambia kwamba hotuba ilikuwa nzuri, nami nikaridhika na nafsi yangu.

Saa saba mchana basi likasimama mahali ambapo mabasi husimama ili abiria wapate kula, na konda akatangaza dakika ishirini. Tukaingia watu kama hamsini kwa pamoja katika hoteli ndogo iliyokuwa na wahudumu wawili tu. Mimi nikaagiza wali na maharage. Kijana mmoja, ambaye umri wake nadhani haukuzidi miaka kumi na minane, akapita karibu nami, amebeba sahani mikono yote miwili, akaniamkia: "Shikamoo mzee." Sikumwitikia. Akapita mara ya pili na ya tatu, bado wali wangu haujaja. Alipopita mara ya nne nikaigonga meza kwa kiganja, nikamwambia kwa sauti iliyosikiwa na watu wote: "Wewe, umelala? Unadhani basi litakungoja wewe?"

Kijana akashtuka, akageuka kwa haraka. Mchuzi wa moto ukamwagika mkononi mwake, na sahani ikaanguka ikavunjika. Mwenye hoteli, pale pale alipokaa, akasema bila ya kuinua uso: "Hiyo imo kwenye mshahara wako." Naye kijana, huku mkono umemwiva, akanitazama mimi akasema: "Samahani mzee," kisha akainama kuokota vipande.

Baada ya kula nilikwenda nyuma kunawa, na hapo ndipo nilipoliona jiko. Palikuwa na paa la mabati lililo chini sana, na moshi umejaa hata kuta hazionekani vizuri. Mama mmoja wa makamo, macho mekundu, alikuwa akisonga ugali katika sufuria ambalo mtu mmoja hawezi kulinyanyua. Mwingine ameinama juu ya mabeseni mawili na mlima wa sahani. Kijana yule amesimama pembeni, ametia mkono wake katika maji baridi. Nikamwuliza kama amekwisha kula. Mama yule akajibu badala yake: "Sisi twala mabasi yakiisha, mzee." Nikauliza yanakwisha saa ngapi. Akasema: "Saa kumi hivi. Siku nyingine zaidi." Nikauliza wameanza kazi saa ngapi. Akasema moto huwashwa saa kumi ya alfajiri.

Nilitaka kumwomba radhi kijana yule. Nilitaka kumlipia ile sahani. Maneno yalikuwa mdomoni, lakini honi ikalia, nikaogopa kuachwa na basi, nikaondoka mbio. Wali wangu nilikuwa nimeulipa. Sahani sikuilipa.

Baada ya wiki mbili nilirudi kwa njia ile ile, nikashuka makusudi kumtafuta. Nikaambiwa ameshaondoka. Kwenda wapi? Hakuna aliyejua. Jina lake nani? Wenzake walimjua kwa jina la "Dogo" tu. Basi mpaka leo, ndugu msomaji, mimi ni mdaiwa wa mtu ambaye hata jina lake silijui: nadaiwa sahani moja, radhi moja, na "marahaba" moja ambayo ilikuwa haki yake na sikuitoa. Nimeandika makala hii ili wewe usije ukabeba mzigo kama wangu.

Kazi isiyoonekana

Wengi wetu huona sahani ikifika mezani, lakini hatuioni ilikotoka. Chapati unayoila saa moja asubuhi ilianza safari yake usiku. Mtu aliamka watu wote wamelala, akawasha mkaa, akakanda unga mpaka mabega yakauma, akasukuma moja moja, akasimama mbele ya kikaango huku mafuta yakimrukia. Supu ilichemka usiku kucha na mtu alikuwa macho kuiangalia. Mchele ulichambuliwa, maharage yalichaguliwa mawe, vitunguu vilikatwa kwa machozi. Mama lishe anayeuza chini ya mwembe au kando ya jengo linalojengwa amebeba maji kichwani, amenunua mkaa kidogo kidogo kwa kopo, na kama mvua ikinyesha mchana huo basi chakula chote chaweza kumrudia.

Naye anayeosha vyombo, sabuni na maji humla vidole hata ngozi ikapasuka. Naye anayehudumu mezani husimama tangu asubuhi hata miguu ikavimba; akili yake lazima ikumbuke nani ameagiza nini, nani amelipa, nani bado; na uso wake unatakiwa uwe mkunjufu kwa watu mia moja, hata kama nyumbani amemwacha mtoto ana homa. Usiku hoteli inapofungwa, yeye ndiye wa mwisho kutoka, na kama ni mwanamke hutembea peke yake gizani katika njia ambayo wewe na mimi tusingependa binti yetu apite.

Tena kumbuka mwezi wa Ramadhani. Jua linapokuchwa na mwadhini akaadhini, sisi sote twanyoosha mkono kwenye tende. Lakini katika migahawa yupo aliyefunga kama sisi, tena ameshinda mbele ya moto, ambaye saa hiyo hutia tende moja kinywani na kuendelea kukimbia na bakuli za uji, kwa sababu watu wanamwita. Futari yake yeye huiona baada ya yetu sote kwisha. Ni wangapi kati yetu tuliopata kumwambia, "Simama kwanza, ndugu yangu, kunywa maji, nasi tutangoja"?

Mitume na kazi ya kuhudumu

Huenda mtu akafikiri kwamba kubeba sahani ni kazi ya watu duni. Hebu na atazame ni akina nani walioifanya. Kurani Tukufu katika Sura Adh-Dhariyat yasimulia habari za wageni waheshimiwa wa Nabii Ibrahimu a.s. Walipomwingilia, yeye mwenyewe aliondoka kimya kimya kwenda kwa watu wa nyumbani mwake, akaleta ndama aliyenona, akamsogeza karibu yao na kuwakaribisha wale. Basi rafiki yake Mwenyezi Mungu alikuwa mhudumu wa wageni wake kwa mkono wake.

Mtume Muhammad s.a.w. naye alifanya hivyo. Katika siku za vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, Waislamu walipokuwa wamebanwa na njaa, Jabir r.a. alichinja mwana-mbuzi na kuoka mkate wa shayiri kidogo. Mtume s.a.w. akawaita watu wote waliokuwa wakichimba, kisha yeye mwenyewe akakaa penye chungu na tanuri, akawa anakata mkate, anaweka nyama juu yake na kuwapa masahaba mpaka wakashiba wote. Tafadhali ifikirie picha hiyo: mkuu wa dola ya Madina anapakua chakula, na wachimbaji wa handaki wanahudumiwa.

Siku nyingine Abu Huraira r.a. alikuwa na njaa kali, na nyumbani kwa Mtume s.a.w. palipatikana bakuli moja la maziwa. Akaamrishwa kwanza awaite maskini wa Suffa, kisha azunguke na bakuli kumpa kila mmoja. Akazunguka nalo, mwenye njaa akiwanywesha wengine, na bila shaka moyoni akihofia kama yatabaki. Wote walipokwisha kunywa, Mtume s.a.w. alimtazama na kutabasamu, akamwambia akae chini anywe; akanywa, akaambiwa anywe tena, na tena, mpaka akaapa kwamba hana nafasi tena. Ndipo Mtume s.a.w. akachukua yaliyobaki, akamhimidi Mwenyezi Mungu, akanywa yeye mwisho wa watu wote. Mhudumu hakusahauliwa, alikalishwa, akashibishwa, na aliyemshibisha akanywa baada yake.

Na Anas r.a., aliyemtumikia Mtume s.a.w. miaka kumi tangu akiwa kijana mdogo, ameshuhudia kwamba katika muda wote huo hakupata kuambiwa hata neno dogo la kuchoshwa naye, wala hakuulizwa kwa jambo alilolifanya kwa nini amelifanya, wala kwa aliloliacha kwa nini ameliacha. Miaka kumi! Nami katika hoteli ile sikuweza kustahimili dakika kumi.

Iko habari nyingine ambayo kila nikiisoma moyo wangu hutetemeka. Alikuwako mtu mnyonge mweusi, na riwaya nyingi zasema ni mwanamke, ambaye kazi yake ilikuwa kufagia msikiti wa Madina. Akafariki, na watu wakamzika bila ya kumwarifu Mtume s.a.w., kana kwamba jambo lake ni dogo. Lakini Mtume s.a.w. aliona kwamba hayupo, akamwulizia. Alipoambiwa, akawalaumu kwa kutomjulisha, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamwombea pale. Wengine waliuona msikiti safi. Yeye alimwona aliyeusafisha. Tofauti baina ya kuona kazi na kumwona mfanyakazi ndiyo tofauti baina ya desturi na imani.

Katika Jumuiya yetu pia tumeachiwa mfano huo. Masihi Aliyeahidiwa a.s. aliweka jiko la wageni huko Qadian, na tangu Jalsa ya kwanza ya mwaka 1891, iliyohudhuriwa na watu 75, kuhudumia wageni kumehesabiwa kuwa ibada. Mpaka leo katika Jalsa utamkuta daktari akimenya viazi na mwalimu akisugua masufuria. Hilo ni jambo jema, nasi twamshukuru Mungu. Lakini tujiulize swali moja gumu. Sisi tukibeba sahani kwa siku tatu, watu hutusifu na kutuombea dua. Yeye anayebeba sahani siku mia tatu kwa mwaka, ili watoto wake wale, mbona humpigia mluzi? Kama kazi ile ni ya heshima mkononi mwa daktari, haiwezi kuwa ya aibu mkononi mwa kijana wa hotelini.

Kwa wenye mahoteli na migahawa

Sasa neno langu ni kwa ndugu zetu walioajiri. Najua kwamba biashara ya chakula ni ngumu: kodi ya nyumba, bei ya mkaa na ya mafuta, na wateja wanaokopa. Lakini shida ya biashara haiwezi kulipwa kwa jasho la asiye na sauti. Bukhari amepokea hadithi ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu ametangaza kwamba atakuwa mshitaki wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, wala asimpe ujira wake. Ni nani atakayesimama mahakamani ikiwa mshitaki wake ndiye Hakimu mwenyewe? Na katika hadithi iliyoandikwa na Ibn Majah tumeagizwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Wapo ambao jasho la wafanyakazi wao limekauka miezi mitatu sasa.

Kurani Tukufu imewaonya vikali, katika Sura Al-Mutaffifin, wale wanaojipimia kamili wanapopokea na kupunguza wanapowapimia wengine. Twadhani aya hizo ni za wauza nafaka peke yao. Lakini je, anayechukua kwa mtu saa kumi na nne na kulipa za nane, hakupunguza kipimo?

Hata sheria ya nchi yetu imeweka mipaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya malipo ya siku 28 kwa mwaka. Tena mwaka 1991 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva Mkataba namba 172, uliohusu wafanyakazi wa mahoteli na migahawa peke yao. Mkataba huo wataka mhudumu alipwe mshahara wake wa msingi kwa vipindi maalumu, awe amepata bakshishi au hakupata, na wakataza kazi hizo kununuliwa na kuuzwa. Ulimwengu usingehitaji kuandika mambo hayo kama dhuluma hiyo isingekuwapo. Nasi Waislamu tusijivune kwamba mafundisho yetu yalitangulia kwa karne nyingi. Kujivuna huko kutatushitaki, maana aliyejua mapema ana udhuru mdogo zaidi.

Basi, ndugu mwenye hoteli, mlipe kwa siku uliyoahidi. Mpe nafasi ya kusali. Alishwe kabla miguu haijamtetemeka, tena chakula kile kile unachouza, si ukoko wa jana. Sahani ikivunjika, msikilize kwanza. Huenda aliyeivunja hasa ni mteja aliyempigia kelele. Na binti aliye chini ya mkono wako mlinde kama amana. Usimwambie avumilie maneno machafu ili mteja asikimbie, kwani riziki hutolewa na Mwenyezi Mungu.

Kwa sisi tunaoketi mezani

Lakini wenye mahoteli ni wachache, na walaji ni wengi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jambo hili iko mikononi mwetu sisi.

Kwanza, tumwite mtu kama mtu. Wakati wa ukoloni mwanamume mzima mwenye watoto aliitwa "boi" na bwana wake, na sisi tulikasirika. Bendera ya mkoloni ilishushwa Tanganyika mwaka 1961, lakini ukienda hotelini leo utasikia mtu akipiga vidole, akifyonza meno, akiita "we!" kana kwamba anafukuza kuku. Sema "ndugu", sema "dada", sema "mama", sema "kijana wangu". Na akikuamkia, mwitikie.

Pili, tukae na subira, na kama pana kosa tuliseme kwa upole. Mtume s.a.w. hakupata kukitia chakula dosari. Alipokipenda alikila, na asipokipenda alikiacha. Chumvi ikizidi, waweza kusema bila ya kumvunjia mtu heshima mbele za watu.

Tatu, tuinamishe macho. Amri iliyomo katika Sura An-Nur haikomi mlangoni mwa mgahawa. Pesa ya chai hainunui ruhusa ya kumtania binti wa watu wala kumshika mkono. Yeye yuko kazini, na kimya chake si kukubali bali ni hofu ya kufukuzwa.

Nne, tulipe bila ya hila. Anayekula na kuondoka katika msongamano wa watu hudhani amemkomoa tajiri. Kumbe mara nyingi hukatwa yule mhudumu, naye huenda nyumbani mikono mitupu.

Tano, tusimwongezee kazi bila ya sababu. Mifupa chini ya meza, maji ya kunawa yaliyomwagwa sakafuni, tishu zilizotiwa kwenye kikombe: yote hayo yatainamiwa na mgongo wa mtu.

Sita, tushukuru. Tumefundishwa kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mwenyezi Mungu. Katika migahawa ya leo huwezi kumketisha mhudumu ale nawe. Lakini bakshishi ndogo unayomtilia mkononi kwa siri, pamoja na neno la asante, ndilo lile tonge moja au mawili ya hadithi. Usilidharau, wala usilifanye kuwa badala ya mshahara wake.

Tena usimwulize dini yake kwanza. Mtume s.a.w. alitaja joto la moto, na moto humwunguza Mwislamu na Mkristo sawasawa. Na mambo haya yote yaanze nyumbani kwetu, kwa msaidizi anayetupikia na kulala jikoni. Abu Dharr r.a. alipomtusi mtu kwa kumtajia mama yake, Mtume s.a.w. alimwambia kwamba bado ana ujahili ndani yake, akamfundisha kwamba watumishi ni ndugu zetu waliowekwa chini ya mikono yetu, walishwe tunachokula na wavikwe tunachovaa. Miaka mingi baadaye Abu Dharr alionekana amevaa nguo ya namna moja na mtumishi wake. Somo la siku moja lilimtosha maisha yake yote. Je, sisi tumelisikia mara ngapi?

Kwako wewe unayehudumu

Na wewe ndugu yangu, wewe dada yangu, ambaye labda unasoma ukurasa huu ukingoja maji yachemke: usiionee haya kazi yako. Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema, na Mtume wetu s.a.w. amesema zaidi ya hapo, kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokipata kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daudi a.s. alikula kwa kazi ya mkono wake. Yeye mwenyewe alichunga kondoo za watu wa Makka kwa ujira mdogo. Lakini jua pia kwamba unashika amana. Osha mikono hata kama hakuna anayekuona, usirudishe mezani mabaki ya mtu, usipunguze chenji. Jasho lako ni safi. Usilichanganye na kisicho safi. Na siku utakayoonewa, kumbuka kwamba alimwona mfagiaji wa msikiti yule ambaye watu walimsahau, na Mola wake Mtume huyo hasahau kabisa.

Ndugu msomaji, leo au kesho utaketi mbele ya sahani iliyoletwa na mtu. Kabla hujatia tonge la kwanza, sema Bismillah, kisha inua macho umtazame aliyeileta. Mimi nilipoinua macho yangu, basi lilikuwa tayari kuondoka.

Mwenyezi Mungu atusamehe tulipowadhulumu watu tusiowajua majina, awalipe kwa niaba yetu wale tusioweza kuwapata tena, awabariki kwa riziki njema wote wanaowasha moto watu wangali wamelala, na atujalie tuwe miongoni mwa wenye kuhudumu na kuheshimu wanaohudumu. Amin.